Kuchagua kabureta ya nguvu kwa injini ya zamani, ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Kila anayefufua Corolla KE70, Land Rover 109 au Hilux yenye injini ya 22R huku Nyanda za Juu Kusini hufika siku akauliza: niweke Weber gani? Weber ni kabureta za Kiitaliano, na wengi hujibiwa kwa ukubwa wa mdomo kwa milimita. Weka arobaini. Weka arobaini na tano. Weka mbili kabisa. Jibu langu huwa la kuudhi kidogo: weka ndogo kuliko unayoitamani, na hela inayobaki nunulia jeti, vile vipande vidogo vyenye tundu vinavyopima petroli inayoingia.

Sababu ni mwinuko. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa iko chini yake kidogo, Njombe iko juu zaidi. Kwa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Hakuna kabureta itakayoirudisha nguvu hiyo, kwa sababu kabureta haisukumi hewa. Injini humeza ujazo uleule wa hewa Dar na Mbeya, ila ujazo wa Mbeya una hewa kidogo ndani yake. Kwa hiyo mwinuko haukudai mdomo mpana zaidi. Unachokudai ni kupunguza mafuta, maana jeti iliyopimwa kwa usawa wa bahari huku kwetu inamimina. Gari nyingi zinazosemwa kabureta yake imekuwa ndogo, ukweli ni kwamba zinakunywa kupita kiasi.

Hatua ya 1: hakikisha kabureta ndiyo mgonjwa

Kabla ya kutoa hela, pima injini ilivyo. Anza na kompresheni, silinda moja moja, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Namba ya kitabu cha gari ni ya usawa wa bahari. Kitabu kikisema 170 psi, Mbeya usishangae kuona kama 145. Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hela yako ina kazi nyingine: ringi, valvu au gasketi ya hedi.

Geji ya vakyumu, inayopima mvuto ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingiza hewa kwenye silinda, nayo huwadanganya watu huku. Injini nzima iliyo kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa, hutakiwa kusoma inchi 17 hadi 21 za zebaki ukiwa pwani, na unapungukiwa inchi moja hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Ukiwa Mbeya, 12 hadi 15 zilizotulia ni afya njema kabisa. Nimeona mtu akiambiwa injini imekufa kwa sababu ya namba 14. Wasiwasi uje pale mshale unapochezacheza, au unaposhuka na kurudi kwa mpangilio, kwani hapo kuna valvu isiyofunga vizuri au hewa inayoingia kwa wizi kwenye gasketi ya manifoldi.

Kisha seti tapeti, safisha au badilisha pointi, angalia kifuniko cha distribyuta kama kina ufa. Huku juu injini nyingi za zamani huvumilia taimingi (wakati wa cheche) iliyosogezwa mbele digrii mbili au tatu kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu hewa nyepesi inapunguza ule ugongaji wa kwenye mlima. Sogeza kidogo kidogo, pandisha kilima ukiwa umekanyaga, sikiliza. Ikianza kulia kama misumari kwenye kopo, rudisha.

Ukimaliza hayo, fanya ovahoo ya kabureta uliyonayo na uishushe jeti kuu kwa namba moja. Wapo wanaoishia hapa, na gari linapanda Mlima Nyoka kwa gia waliyokuwa hawaiwezi. Kama nawe umeridhika, funga mwongozo huu.

Hatua ya 2: andika gari linafanya kazi gani

Kaa chini uandike kwa kalamu. Pikapu inayobeba viazi kutoka Isongole kuja Uyole inaishi kati ya mizunguko 1,500 na 3,500 kwa dakika. Land Rover ya shambani haijawahi kuona 4,000 tangu iuzwe. Corolla ya kijana wa mjini inaona 6,000 Jumapili, siku nyingine zote iko kwenye foleni ya Mafiati. Kabureta kubwa hulipa juu ya mizunguko 5,000. Kama karatasi yako haina namba hiyo, umeshajua hutafuti nini.

Andika pia njia zako. Anayezunguka Mbeya, Mbalizi na Chimala ana maisha mepesi. Anayeshuka Kyela kila wiki anatoka mita 1,700, anapanda Uporoto, anaporomoka hadi karibu mita 500 kando ya Ziwa Nyasa, halafu anarudi na mzigo wa mchele. Huyo anahitaji mpango wake wa jeti, nao uko kwenye Hatua ya 10.

Hatua ya 3: hesabu hewa

Hesabu ni ya darasa la saba. Chukua ujazo wa injini kwa lita, zidisha kwa mizunguko ya juu unayoitumia kweli, gawanya kwa mbili kwa sababu silinda hujaza mara moja kila mizunguko miwili, kisha zidisha kwa 0.8, maana injini ya zamani haijazi silinda zake zote kamili.

Toyota 4K, injini ya Corolla kama KE70, ni lita 1.29. Kwa mizunguko 5,500 inameza lita 2,840 hivi kwa dakika. Maduka ya Marekani hupima kabureta kwa futi za ujazo kwa dakika, na futi moja ya ujazo ni lita 28.3, kwa hiyo 4K inataka kama futi 100. 22R ya lita 2.37 kwa mizunguko 4,800 inataka kama 160. Land Rover ya lita 2.25 kwa 4,000, ukiweka 0.75 badala ya 0.8 kwa sababu hedi yake haina pupa, inataka 120 tu.

Sasa linganisha na kabureta za Holley za Marekani: ya midomo miwili, yaani njia mbili za hewa, iliyo ndogo inaandikwa 350, za midomo minne zinakwenda 600 na kupita. Jua pia kwamba hizo namba hazipimwi kwa kipimo kimoja. Ya midomo miwili hupimwa kwa mvuto wa inchi 3 za zebaki, ya midomo minne kwa inchi 1.5, hivyo 350 ya midomo miwili ingesomeka kama 250 ikipimwa kwa kipimo cha wenzake. Hata baada ya kuipunguza hivyo, 4K yako bado ingekuwa inapumulia pango.

Hatua ya 4: chagua aina

Hapa ndipo penye maneno mengi gereji, nami nitachukua muda.

Weber 32/36 ndiyo ninayoipendekeza kwa gari nyingi. Ina midomo miwili isiyofunguka pamoja: wa milimita 32 unaanza, wa 36 unafuata ukikanyaga zaidi. Ndani yake venturi, yaani ile sehemu iliyobanwa katikati ya koo, ni milimita 26 na 27. Ukienda polepole unatumia mdomo mmoja mwembamba, hewa inapita kwa kasi, mafuta yanavunjika vizuri. Ukihitaji nguvu, wa pili upo. DGV ina choki ya kuvuta kwa mkono, DGEV choki ya umeme, DGAV choki inayopashwa na maji ya rejeta. Kwa asubuhi za Juni na Julai huku, ninaipenda ya mkono. Ni waya tu, na ukikatika unaunga. Kwa 22R kuna adapta zilizotengenezwa tayari. Kwa 4K na 5K adapta nazo zipo, ila pima urefu hadi kwenye boneti kwanza, kwa kuweka udongo wa mfinyanzi juu ya boksi la filta na kufunga boneti taratibu.

Weber 38/38 inafanana nayo kwa nje, lakini midomo yake miwili, yote yenye venturi za 27, inafunguka kwa pamoja. Kwa 22R iliyochongwa hedi na kuwekewa kamshafti kali, sawa. Kwa injini ndogo unapoteza, maana kwenye mizunguko ya chini hewa ileile inagawana njia mbili na mwendo wake unashuka hadi karibu nusu. Mafuta hayanyanyuliwi vizuri, gari linajikwaa ukikanyaga ghafla.

Land Rover nyingi za 2.25 zilikuja na Zenith 36IV, na si kabureta mbaya ikiwa uso wake wa kukutania haujapinda. Nyingi zimepinda kwa kukazwa sana. Weka kipande cha kioo juu ya meza, bandika msasa laini, sugua uso huo kwa kuzungusha mpaka ung'ae wote. Ukiamua kubadilisha, Weber 34 ICH ya mdomo mmoja inaokoa mafuta na kupunguza nguvu kidogo kwenye mizunguko ya juu. 32/34 DMTL, ambayo Land Rover wenyewe waliiweka kwenye injini yao ya petroli ya lita 2.5, inatoa pumzi zaidi bila kuharibu mvuto wa chini. Kwa mzigo na tope ningechukua hiyo.

Halafu zile zinazolala ubavu: Weber DCOE, Dell'Orto DHLA, Mikuni-Solex PHH. Hizi ndizo ndoto. Mbili zake zinaipa kila silinda koo lake, na sauti yake mtu haisahau. Lakini kumbuka Toyota 2T-G, injini ya kamshafti mbili ya lita 1.6 iliyotoka kiwandani kwa ajili ya kukimbia, ilipewa Solex mbili za milimita 40. Kama watu waliotaka kuuza gari la mbio waliona 40 inatosha kwa lita 1.6 yenye valvu kubwa, 45 kwenye 4K ni ya nini? Na ukichukua ubavu, utahitaji manifoldi yake maalumu, vyuma vya kuunganisha aksileta, na fundi anayejua kuzisawazisha. Usipokuwa na huyo wa tatu, acha.

SU za Kiingereza hazina venturi ya kuchagua. Koo lake linajipanua lenyewe kwa pistoni inayopanda, na mchanganyiko wa hewa na petroli unaamuliwa na sindano nyembamba inayopanda nayo. Ndiyo maana zinapendeza kwenye njia yenye mabonde na milima. HS2 ni inchi moja na robo, HS4 inchi moja na nusu, HS6 inchi moja na robo tatu. Chini ya HS kuna nati ya pembe sita: ukiipandisha unapunguza mafuta, ukiishusha unaongeza, bila kufungua kitu. Kwa injini ya lita 1.3, HS2 mbili au HS4 moja inatosha. Zina adui mmoja, kusahauliwa oili ya kwenye kile kikombe cha juu. Ikikauka, gari linasita kila ukikanyaga, na watu wanabadilisha plagi bure.

Hatua ya 5: nunua venturi, usinunue namba ya nje

Namba iliyochapwa kwenye DCOE, 40 au 45, ni upana wa kipepeo, ile sahani inayofungua na kufunga koo. Kinachoamua tabia ya gari ni venturi iliyo ndani, na hiyo hutolewa na kubadilishwa. 40 moja inaweza kuwa na venturi ya 28 au ya 34, na hizo ni kabureta mbili tofauti kabisa. Muulize muuzaji. Asipojua, chungulia mdomoni, namba imepigwa kwenye venturi yenyewe.

Kwa lita 1.3 ya barabarani nakaa 28, nikienda sana 30. Kwa lita 1.6, 30 hadi 32. Ukibaki njia panda kati ya mbili, chukua ndogo. Utapoteza kidogo huko juu kabisa ambako hufiki, na utapata mwitikio pale gari linapotoka kona ya Kitonga kwa gia ya pili.

Jeti ya kuanzia, kanuni inayotumika sana ni kuzidisha venturi kwa nne: venturi ya 30 inaanza na jeti kuu ya 120. Jeti ya hewa, inayopima hewa ya kuchanganywa na petroli hiyo, inaanza na namba ya jeti kuu ukiongeza 50, yaani 170. Namba za jeti za Weber, Dell'Orto na Solex ni mia za milimita, hivyo 120 ni tundu la milimita 1.20. Holley wana namba zao zisizosomeka hivyo, usichanganye.

Hatua ya 6: kuikagua kabla ya kulipa

Mpya halisi utaipata kwa kuagiza. Mwanjelwa, Kariakoo na kwa wanaovuka Tunduma utakutana zaidi na mtumba na nakala. Sizikatai nakala. Nyingine zinafanya kazi vizuri, mradi ununue kwa bei ya nakala na ukubali kwamba jeti zilizomo huenda hazina upana ulioandikwa. Weber halisi ya zamani imechapwa Italia, kampuni iliyoanzishwa Bologna mwaka 1923. Za miaka ya karibuni hutengenezwa Hispania. Maandishi yake yamesimama vizuri kwenye chuma, hayajamomonyoka kingo.

Ishike mkononi. Finya ncha ya ile shafti inayobeba vipepeo, itikise juu na chini. Ukihisi inacheza, hewa itaingia pembeni mwa shafti na sailensi haitatulia maisha yake yote, hata ukibadilisha jeti za nchi nzima. Funga kipepeo, elekeza koo kwenye jua, utazame: mwanga unatakiwa uwe uzi mwembamba ulio sawa kuzunguka ukingo. Ukiona mwezi mchanga upande mmoja, kipepeo kimelegea au shafti imepinda. Fungua kifuniko, tikisa boya la shaba karibu na sikio. Likisikika maji ndani limetoboka. Angalia sehemu ya chini ya bakuli la petroli: unga mweupe ni kutu ya aluminiamu iliyoletwa na maji, na mara nyingi imeshaziba njia ndogo ambazo huwezi kuzifikia. Skrubu ya sailensi ikiwa imekazwa kwa hasira, ncha yake ina pete iliyochongeka. Hiyo punguza bei, skrubu inapatikana.

Mwambie muuzaji akupe na gasketi yake, na usisahau kuuliza jeti za ziada. Namba mbili chini na moja juu ya zilizomo ndiyo akiba ya mtu wa milimani.

Hatua ya 7: mambo manne ya kumaliza kabla ya kufunga

Breki kwanza, na hapa siongei kwa upole. Busta ya breki inatumia vakyumu ya manifoldi, na nguvu yake inatokana na hewa ya nje inayoisukuma. Mbeya hewa hiyo inasukuma kwa takriban asilimia 18 pungufu ya pwani, kwa hiyo tayari busta yako ni dhaifu kuliko kiwanda kilivyokusudia. Ukiweka DCOE mbili na kuchukua vakyumu kwenye bomba la silinda moja tu, unaidhoofisha zaidi, na utaligundua kwenye mteremko wa Iwambi nyuma ya lori. Unganisha mabomba yote manne ya manifoldi kwa mipira midogo kwenda kwenye kitanki kimoja, busta ichukue hapo, na valvu yake ya kuzuia kurudi iwe nzima. Jaribu: zima injini, kanyaga breki. Mikanyago miwili au mitatu ya mwanzo iwe laini. Ukikuta ngumu tangu wa kwanza, usitoke gereji.

Pili, pampu. Weber zinataka petroli kwa 2.5 hadi 3 psi, 3.5 ikizidi. Pampu ya zamani ya kuzungushwa na injini kwa kawaida inafaa. Pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la sindano za kompyuta inasukuma zaidi ya 35 psi, na hiyo itaisukuma sindano ya boya ikae wazi, petroli imwagike juu ya eksozi. Ukilazimika kutumia ya umeme, nunua ya kabureta au weka kipunguza shinikizo chenye geji. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na kiti, usiwe nyuma chini ya magunia.

Tatu, joto na baridi, kwa sababu huku tunavyo vyote viwili. Petroli inachemka mapema zaidi mwinuko unapoongezeka, na kabureta iliyokalia manifoldi ya moto itakuzimia ukisimama baada ya mlima mrefu. Kipande cha bakelaiti (plastiki ngumu inayozuia joto) cha milimita 6 hadi 10 kati ya kabureta na manifoldi kinasaidia sana. Upande mwingine, ukungu wa Uporoto na Rungwe hugandisha barafu ndani ya koo hata hewa ya nje ikiwa nyuzi 10, kwa sababu petroli ikigeuka mvuke inapoza chuma. Dalili yake ni gari kukosa nguvu taratibu kwenye ukungu, kuzima, kisha kuwaka lenyewe vizuri ukilisimamisha dakika chache. Boksi la filta la zamani lilikuwa na bomba la kuvuta hewa ya moto pembeni mwa eksozi kwa ajili hiyo. Vijana wakiweka kile kifilta cha mviringo kinachong'aa wanalitupa. Libakize.

Nne, vumbi na springi. Koo lililo wazi bila filta, barabara ya vumbi ya Agosti italimaliza silinda kabla hujafurahia sauti. Na weka springi mbili za kurudisha aksileta, kila moja na ndoano yake, ili moja ikikatika nyingine ifunge.

Hatua ya 8: kushusha jeti kwa ajili ya mwinuko

Hewa ikipungua asilimia 15, mchanganyiko haunenepi kwa asilimia 15. Unanenepa kwa kama 8 au 9, kwa sababu mvuto unaonyanyua mafuta nao unapungua. Ukitaka kuurudisha, eneo la tundu la jeti lipungue asilimia 8, na upana wake utapungua asilimia 4 tu. Jeti ya 140 inakuwa 134, unachukua 135. Jeti ya 120 inakuwa 115. Ni namba moja tu, yaani kushuka tano. Njombe na Makete unaweza kufikia namba moja na nusu, na Weber huwa na jeti za katikati kama 132 au 137 kwa kazi hiyo.

Usitoboe jeti wala usijaze risasi ukatoboa upya. Tundu lake limepigwa kwa umbo maalumu, na keekee ya gereji haijui umbo hilo.

Hatua ya 9: kuiseti

Injini iwe ya moto, choki imefunguka kabisa. Kwa 32/36, skrubu ya mwendo wa sailensi igusane na mkono wake, kisha ongeza nusu mzunguko hadi mmoja na nusu, basi. Ukizidisha hapo unafungua njia nyingine za mafuta na utakuwa unaseti kitu usichokijua. Skrubu ya mchanganyiko iingize taratibu hadi iguse, usikaze, kisha irudishe mizunguko miwili. Washa. Iingize robo robo mpaka injini ianze kuchechemea, irudishe mpaka itulie kabisa, iache hapo. Hesabu iko wapi. Kama imekaa zaidi ya mizunguko miwili nje, jeti ya sailensi ni ndogo, panda namba moja. Kama iko chini ya mmoja, ni kubwa, shuka. Huku kwetu ya pili ndiyo hutokea mara nyingi.

Kwa kabureta mbili, zisawazishe kabla ya kugusa mchanganyiko. Kipimo cha hewa kikikosekana, mpira wa sentimita 50, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kila koo kwa umbali uleule. Mlio uwe sawa.

Kisha barabara. Toka Uyole kuelekea Isongole, tafuta mpando mrefu usio na magari nyuma yako, kanyaga kwa gia ya tatu kwa muda, kisha kanyaga klachi, zima injini bila kuufikisha ufunguo pale unapofunga usukani, na usimame pembeni. Toa plagi. Kahawia iliyopauka ni nzuri. Nyeusi ya masizi makavu, shusha jeti kuu. Nyeupe kama mfupa, pandisha mara moja na usiendelee kukanyaga, kwani hapo valvu zinaungua. Jaribio hili lifanye kwenye mpando tu, kamwe usilifanye kwenye mteremko.

Gari likijikwaa ukikanyaga ghafla na kisha likaondoka, tazama pampu ndogo ya aksileta kabla ya kulaumu jeti: chungulia kooni injini ikiwa imezimwa, vuta aksileta, mchirizi wa petroli utoke papo hapo na uwe mnyoofu.

Hatua ya 10: ukishuka

Jeti za Mbeya zikifika Dar zinatoa mafuta pungufu kwa asilimia hiyohiyo ya 8, injini inapata joto, inagonga, na kwenye barabara tambarare ya Chalinze ukiwa umekanyaga saa nzima unaweza kuunguza valvu ya eksozi. Anayesafiri mara moja moja arudishe jeti za pwani akifika Ruaha Mbuyuni, chini ya Kitonga. Kwenye DCOE ni kufungua kile kifuniko cha juu chenye nati ya masikio na kuvuta jeti kwa bisibisi, hata sahani ya ugali hapo mgahawani haitapoa. Kwenye 32/36 lazima unyanyue kifuniko chote, jeti kuu ziko chini ya bakuli, kwa hiyo tandika kitambaa safi na uzibe koo kwa kingine kabla ya kugusa skrubu ndogo. Taimingi uliyosogeza mbele nayo irudishe kwenye namba ya kitabu.

Kwa wa Kyela wa kila wiki, kubadilisha kila safari ni kujitesa. Nafanya hivi: kwenye 32/36 nashusha jeti kuu ya mdomo wa kwanza tu, ule wa safari za kawaida, na wa pili nauacha na namba yake ya kiwandani. Ukiwa mjini Mbeya unaokoa mafuta, na ukianza kupandisha mchele kutoka Kyela, pedeli ikiwa chini kabisa, ule mdomo wa pili unaongeza mafuta ambayo hewa nzito ya ziwani inayahitaji. Ukifika Isongole utaona moshi kidogo ukikanyaga sana. Uvumilie hadi Uyole.